Si Mkopo, ni Kuazimwa: Msamiati wa Kiingereza wa Historia na Vitu vya Kale kwa Mfasiri wa Kiswahili

Wanafunzi wetu wa tafsiri hupewa zoezi moja ambalo mwanzoni huonekana jepesi. Huenda Makumbusho ya Uganda, hapa Kampala, wakanakili maelezo mafupi ya Kiingereza yaliyowekwa kando ya vitu kumi, kisha wakayaleta darasani kwa Kiswahili. Maelezo yenyewe ni sentensi mbili au tatu kwa kila kitu. Hata hivyo zoezi hili huwaangusha wengi kuliko kurasa nzima za riwaya, na sababu si sarufi. Kiingereza cha makumbusho kina msamiati wake, na karibu kila neno ndani yake limebeba uamuzi: kitu hiki ni nini, kilipatikanaje, na ni mali ya nani. Mfasiri asiyeuona uamuzi huo huufanya upya bila kujua.

Makala haya yanaeleza baadhi ya maneno hayo, hasa yale yanayotusumbua darasani, kwa kutumia vitu na mahali pa hapa Uganda. Yamekusudiwa walimu wenzetu, na pia wanafunzi wanaotarajia kufanya kazi ya kuongoza wageni. Tangu Baraza la Mawaziri lilipokubali mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi nchini, maelezo ya namna hii yatahitajika zaidi, na afadhali yaandikwe vizuri mara ya kwanza.

Tuanze na neno kubwa lenyewe, "artefact", ambalo Wamarekani huliandika kwa i badala ya e. Asili yake ni Kilatini: arte, yaani kwa ustadi, na factum, yaani kilichofanywa. Ni kitu chochote kilichotengenezwa au kubadilishwa na mkono wa mtu. Jiwe la mtoni si "artefact", lakini jiwe hilo hilo likigongwa hadi likapata makali linakuwa. Mfupa wa mnyama wa zamani uliogeuka jiwe ni kisukuku, na hauwezi kuitwa "artefact" hata uwe wa kale namna gani, isipokuwa mtu awe ameuchonga.

Kiswahili hakina neno moja linalokaa sawasawa hapo. Wanafunzi hukimbilia "kifaa cha kale", lakini kifaa ni kitu cha kufanyia kazi; je, taji au ushanga ni kifaa? Chombo hutiwa kitu ndani, au huenda baharini. Zana ni ya kazi au ya vita. Watanzania wana neno "malikale", nalo ni zuri tunapozungumzia vitu hivyo kwa jumla au idara inayovishughulikia. Kwa kitu kimoja kilicho mbele ya mgeni, shauri langu ni kukitaja kwa jina lake: kigoda, mkuki, kinu, ngoma, chetezo. Kiswahili hupenda jina mahususi, na mgeni hupata picha mara moja.

Mahali pengine Kiswahili kina neno sahihi kuliko tunavyodhani. Waakiolojia hutofautisha "sherd", kipande cha chungu kilichovunjika, na "shard", kipande cha kioo au cha kitu kingine kikavu. Mwanafunzi huandika "vipande vya vyungu vilivyovunjika", maneno manne, ilhali neno kigae lipo tangu zamani na maana yake ya kwanza ni hiyo hiyo: kipande cha chungu. Tatizo ni kwamba kigae cha leo kimehamia sakafuni na juu ya paa. Ukiandika "vigae vya kale vilipatikana hapa", msomaji ataona bafu la kisasa. Mimi hupendekeza "vigae vya vyungu" mara ya kwanza, kisha "vigae" peke yake.

Neno "earthworks" nalo limetuchekesha mara nyingi. Bigo bya Mugenyi, karibu na mto Katonga, pana mitaro ya kale iliyochimbwa na watu, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10 kwa jumla. Peter Shinnie alichimbua hapo mwaka 1957, na Merrick Posnansky mwaka 1960. Mwanafunzi mmoja alitafsiri neno hilo kuwa "kazi za udongo", na msomaji wa Kiswahili akabaki akitafuta vyungu na mitungi. Jina la mahali lenyewe lilikuwa limekwisha kumpa jibu, kwa kuwa bigo ni maboma. "Mahandaki na maboma ya udongo" yanatosha.

Upande wa sanamu, hali ni kinyume. Kiingereza kinagawa: "statue" ni kubwa, "figurine" ni ndogo ya kushikwa mkononi, "bust" ni kichwa na mabega, "idol" ni ile inayoabudiwa. Kiswahili kina sanamu kwa zote, na kwa sababu ya mahubiri neno hilo hunukia ibada. Chukua kile kichwa cha udongo uliochomwa kilichopatikana mwaka 1929 katika kilima cha Luzira, kwenye eneo la gereza, pamoja na vipande vya miili ya aina hiyo. Sasa kiko London, katika British Museum. Kazi yake katika maisha ya waliokifinyanga haijathibitishwa. Ukiandika "sanamu ya Luzira" bila maelezo, nusu ya wasomaji watakuwa wameshaamua kwamba watu walikipigia magoti. "Kichwa cha udongo uliochomwa" hakiamui chochote.

"Relic" ni neno gumu zaidi kwa sababu Kiingereza chenyewe kinalitumia kwa nia mbili. Asili yake ni Kilatini, maana yake mabaki. Kanisani ni masalia ya watakatifu, na Wakatoliki wa Uganda, wenye Mashahidi wao, hawahitaji kuelezwa. Nje ya kanisa "relic" inaweza kuwa dharau, yaani kitu kilichopitwa na wakati. Sasa mfikirie Kibuuka, ambaye Waganda walimtambua kuwa mwenye nguvu za vita. Vitu vyake vitakatifu, pamoja na mfupa wa taya na kitovu, vilipelekwa Cambridge mwanzoni mwa karne ya 20 kupitia kwa mmisionari John Roscoe, vikarudi Uganda wakati nchi ilipokuwa ikipata uhuru. Mwanafunzi akiandika "mabaki ya Kibuuka", huenda hana kosa la kamusi, lakini mabaki ni pia chakula kilichobaki sahanini. Tunampa mtakatifu wa Roma "masalia" na kumpa Kibuuka "mabaki"? Ninasema masalia kwa wote wawili, na sijapata hoja ya kunibadilisha.

Hapo tumefika kwenye maneno ya umiliki, na ndipo penye uzito. Juni 2024, vitu 39 vilivyokuwa katika makumbusho ya akiolojia na anthropolojia ya Chuo Kikuu cha Cambridge vililetwa Kampala. Magazeti ya Kiingereza yaliandika "returned", vimerudishwa. Mapatano yenyewe yanasema "loan", kwa kipindi cha kwanza cha miaka mitatu kinachoweza kuongezwa. Darasani tulipolifikia neno hilo, mwanafunzi aliandika haraka: "vitu hivi vimeletwa kwa mkopo." Mwenzake akauliza riba ni asilimia ngapi. Tulicheka, lakini swali lilikuwa la haki.

Kiingereza kina "loan" moja. Kiswahili kina kukopa na kuazima, na tofauti yake kila mtu wa nyumbani anaijua. Jirani akikopa sukari, sukari ile italiwa na atarudisha nyingine. Akiazima sufuria, atarudisha sufuria ile ile. Kwa hiyo ngoma iliyoletwa na kutakiwa kurudi Cambridge haikukopwa, imeazimwa. Na neno hilo, kwa unyenyekevu wake wa jikoni, linaonyesha jambo ambalo "loan" inalifunika. Msomaji wa Kiswahili anaposoma "ngoma hii imeazimwa kutoka Cambridge" hujiuliza papo hapo: imekuwaje mwenye ngoma akaazima ngoma yake? Mfasiri hakuongeza maoni yoyote. Ametumia neno sahihi tu.

La kusikitisha ni kwamba mwanafunzi aliyeandika "mkopo" ni Mganda, na Luganda inatofautisha mambo haya vizuri kabisa: okwewola ni kwa fedha, okweyazika ni kwa kitu kitakachorudi chenyewe. Angetoka Luganda kwenda Kiswahili moja kwa moja asingekosea. Alipotea kwa sababu alipita Kiingereza.

Katika kundi hili hili kuna "return", "repatriation" na "restitution". La kwanza ni kurudisha tu, bila kusema kwa nini. La pili lina ndani yake nchi ya baba, patria: kitu au mtu anarudi kwao. La tatu ni la kisheria, maana yake anayerudisha anakiri kwamba mwenye haki ni mwingine. Nikitafsiri la tatu huandika "kuwarudishia wenyewe", kwa sababu "kurudisha" peke yake linaacha mwenyewe nje ya sentensi.

Pia angalieni vitenzi vipole. Maelezo ya makumbusho hupenda "collected by" na "acquired in". Kilikusanywa na fulani, kilipatikana mwaka fulani. Kuni hukusanywa, kodi hukusanywa. Je, kigoda cha mfalme hukusanywa? Huenda kilinunuliwa, huenda kilitolewa zawadi, huenda kilichukuliwa vitani, na hapo Kiswahili kina nyara na ngawira, kama Kiingereza kilivyo na "loot", neno walilolipata India. Lakini mfasiri asijifanye hakimu. Kama maelezo ya Kiingereza yanasema "collected" na hatuna ushahidi mwingine, tuandike "kilichukuliwa na". Neno kuchukua halimshtaki mtu wala halimtetei.

Wataalamu wana jozi nyingine inayofanana sana machoni: "provenance" na "provenience". La kwanza ni historia ya kitu tangu kilipoanza kupita mikononi mwa watu: nani alikuwa nacho, alimpa nani, kiliuzwa wapi. La pili ni mahali hasa kilipotoka ardhini. Wanafunzi huandika "asili" kwa yote mawili. Kwa la pili tuna neno zuri mno, chimbuko, ambalo lina kuchimbua ndani yake. Kwa la kwanza sioni njia ya mkato. "Historia ya umiliki" inaeleweka na haina madhara.

Kuhusu tarehe, makosa ni machache ila ni makubwa. Herufi c. mbele ya mwaka ni "circa", takriban. Nimesoma "karne 1880" katika daftari la mtu wa mwaka wa tatu. Zamani "mnamo" ingefaa hapo, kwani maana yake ilikuwa ni karibu na wakati fulani, lakini siku hizi watu huandika "mnamo tarehe 9 Oktoba 1962", na neno limekuwa butu. Tumieni takriban. Herufi BP ni kabla ya sasa, na "sasa" hiyo wanasayansi waliifunga mwaka 1950. Kwa hiyo 1000 BP ni takriban mwaka 950 baada ya Kristo. Anayeiandika 1000 K.K. amekizeesha chungu kwa karibu miaka 2000. Na maneno kama "attributed to" na "possibly" yasiachwe njiani. "Inahusishwa na" si sawa na "ni ya".

Nimalizie na Kasubi, kwa kuwa hapo karibu kila neno lina mtego. Mahali hapo paliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, nyumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, ikateketea kwa moto usiku wa Machi 16, 2010, na mwaka 2023 mahali hapo pakaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Vitabu vya zamani vya Kiingereza huiita nyumba hiyo "hut". Tukifuata kamusi ni kibanda. Kibanda chenye kipenyo cha mita 31? Ni nyumba, na ukitaka kuwa mwaminifu kwa hadhi yake, ni jumba. "Tombs" ni makaburi, na ni kweli Makabaka wanne wamelazwa hapo. Ila Waganda husema amasiro, na Kabaka kwao hafi. Husemwa ameficha mkono. Hapa sifasiri. Huandika "Masiro ya Kasubi" na kueleza mara moja kwamba ni mahali walipolazwa wafalme na ambapo shughuli zao zinaendelea.

Baada ya moto, Kiingereza kilitumia maneno matatu kana kwamba ni mamoja. "Conservation" ni kuhifadhi kilichopo kisiharibike zaidi. "Restoration" ni kukirejesha kitu kilichochakaa katika hali yake. "Reconstruction" ni kujenga upya kilichotoweka. Nyumba ya Kasubi ilijengwa upya; anayeandika "ilikarabatiwa" anamwambia msomaji kwamba kuta za zamani zimo ndani. Vilevile haiwi "replica", nakala ya maonyesho, kwa sababu waliohusika na uezekaji ni wenye kazi hiyo kwa urithi na mahali ni pale pale.

Bado hatujapata neno la kuridhisha la "curator". Mhifadhi huchanganywa na mlinzi wa mbuga za wanyama, na "mtunza makumbusho" hufikiriwa kuwa mshika funguo. Mwalimu au mwanafunzi mwenye pendekezo alilete idarani kabla ya toleo lijalo, pamoja na sentensi mbili za mfano.