Kidonda Kimefunga, Mwanamke Je?

Mwanamke wa Pongwe akigundulika na saratani ya matiti, safari yake huanzia Hospitali ya Bombo, Tanga mjini, na aghalabu humfikisha Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka nyumbani. Akimaliza upasuaji, dawa na mionzi, hurudi. Majirani humpokea kwa dua, na wote husema kapona.

Lakini usiku hubadili nguo taa ikiwa imezimwa. Mchana hujitanda kanga ya pili ili upande ulio bapa usionekane. Akialikwa kumsinga bibi harusi, hutoa udhuru. Mumewe huogopa kumgusa asije akamtonesha. Mke naye hudhani amechukiwa. Wanapendana, ila kila mmoja anaugulia peke yake.

Kuna wanaomwambia ashukuru uhai, mengine ni urembo tu. Wanamwonea. Kushukuru uzima hakumzuii mtu kukililia kiungo chake.

Upasuaji wa kujenga titi upya upo. Daktari huweka silikoni chini ya ngozi au msuli, au huhamisha ngozi na mafuta ya tumboni, au msuli wa mgongoni. Huweza kufanyika siku ileile titi linapoondolewa, au baadaye. Kwa kuwa mionzi hukaza ngozi, wengi hushauriwa kusubiri. Mgonjwa aelezwe pia kuwa titi jipya halirudishi hisia zote, na nyama ikitolewa kwingine, huko nako hubaki kovu.

Kwa wengi, gharama na umbali hufunga mlango huo. Huko Thika, Kenya, fundi cherehani Mary Mwangi, aliyeugua saratani ya matiti mwenyewe, hufuma matiti ya nyuzi ya kuvaliwa ndani ya sidiria, na huwafundisha wenzake. Tanga ina mafundi wa kuiga kazi hiyo.

Kubwa zaidi, mke na mume wakalishwe pamoja kabla ya upasuaji, waelezwe kifua kitakuwaje na njia zipi zipo. Makungwi wetu, wanaojua kusema ya chumbani bila kumvunjia mtu heshima, wangesaidia sana wakishirikishwa na wauguzi. Atakayetaka kujengewa titi asaidiwe. Atakayevaa la nyuzi avae. Atakayebaki alivyo, uamuzi wake uheshimiwe, mradi aliulizwa mapema na akajibu mwenyewe.