Risasi Inapokosa Shabaha: Kuutafuta Mzizi wa Kosa

Neno lengo limetokana na kitenzi lenga; hata hivyo, si kila alengaye hulifikia lengo. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchunguza chanzo cha kosa katika bunduki ndogo ya michezo, ile ya kipenyo cha milimita 5.6 itumiwayo katika mashindano ya Olimpiki ya mita 50. Katika umbali huo, duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4 tu, hivyo basi, hitilafu ndogo hujidhihirisha mara moja.

Kwanza, karatasi ya shabaha isomwe kabla ya bunduki kuguswa. Iwapo matundu yamekaribiana ilhali yako mbali na kitovu, kinachohitaji kurekebishwa ni kifaa cha kulengea. Iwapo yametawanyika, kuna jambo linalobadilika kati ya mlio mmoja na mwingine. Mtawanyiko wa juu na chini huweza kutokana na kasi zisizolingana, kwa kuwa risasi iendayo polepole huanguka zaidi. Mtawanyiko wa kulia na kushoto mara nyingi huletwa na upepo.

Pili, bunduki ikaguliwe ikiwa tupu, tukianzia kwenye yaliyo mepesi. Je, skrubu zinazouunganisha mtutu na kitako zimekazwa? Kifaa cha kulengea hakichezi? Baada ya hapo zijaribiwe risasi za aina mbalimbali, maadamu kila mtutu una zinazoufaa. Kisha mtutu usafishwe. Milio michache ya kwanza baada ya kusafisha isihesabiwe, kwani huenda ikapotoka. Hatimaye uchunguzwe mdomo wa mtutu, kwa maana dosari hapo huipotosha risasi inapotoka. Muhimu zaidi, libadilishwe jambo moja tu kwa wakati. Abadilishaye mawili kwa pamoja hatajua lipi lililomponya.

Tatu, mlengaji ajichunguze. Bunduki iegemezwe juu ya mifuko ya mchanga, apewe mlengaji mzoefu. Akifaulu, basi yamkini kosa limo katika pumzi, mkao au kidole cha mwenyewe. Hata mabingwa hawajasalimika. Mwaka 2004 mjini Athens, Matthew Emmons wa Marekani alikuwa akiongoza, lakini mlio wake wa mwisho aliuelekeza kwenye shabaha ya jirani, akaporomoka hadi nafasi ya nane. Mwaka 2008 mjini Beijing alikuwa tena mbele. Bunduki ikalia kabla hajawa tayari, akapata alama 4.4 na kumaliza wa nne. Mara zote mbili, hapakuwa na skrubu ya kukaza wala mtutu wa kusafisha.

Kwa kuhitimisha, haraka haraka haina baraka. Anayekimbilia kununua bunduki mpya kabla ya kuisoma karatasi yake huenda akalihamishia kosa lile lile kwenye chombo cha bei ghali zaidi.