KIFUA CHA MAMA NACHO HUPIMWA
Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

 Mlezi wa chama chetu alituagiza kila mmoja aandike juu ya jambo lililomgusa mwenyewe. Mimi nimechagua tiba, lakini usitarajie vidonge wala sindano. Nataka kueleza jinsi tiba isiyo ya dawa inavyojaribiwa, na kwa nini wanaoifanya kazi hiyo wafaa kuungwa mkono.

Mama yangu amejifungua mara mbili kabla ya miezi tisa kutimia. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto wa chekechea. Dadangu alizaliwa na kilo 1.5. Akatiwa ndani ya inkubeta, lile sanduku la kioo lenye joto, pamoja na watoto wengine wawili, naye mama akalazwa wodi nyingine. Alikuwa akiitwa tu kwenda kumkamulia maziwa. Siku ya tatu alipoitwa, hakuwa anaitiwa maziwa. Hospitali sitaitaja wala simlaumu mtu. Walifanya walilolijua.

Mara ya pili ilikuwa mwaka wa 2023, katika hospitali nyingine. Ndugu yangu alikuja na kilo 1.6. Safari hii muuguzi alimwachia mtoto nepi na kofia tu, akamlaza kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kisha akawafunga pamoja kwa leso. Nyanya alipofika na chupa yake ya uji aliduwaa.

"Sista, huyu ni mtoto ama ni yai? Mbona mnamwatamia? Tena uchi, na baridi yote hii!"

"Mama, hii ndiyo dawa yake," sista akamjibu akicheka.

"Dawa gani hiyo isiyonyweka?"

Basi dawa hiyo isiyonyweka ilifanya kazi usiku na mchana. Mama alipokwenda kuoga, nyanya mwenyewe alifungwa leso akashika zamu! Leo ndugu yangu anakimbia uani na kunirarulia madaftari.

Niliporudi shuleni nilisimama kwa majivuno katika kipindi cha Biolojia nikasema, "Mwalimu, sanduku lilimuua dadangu, kifua kikamwokoa ndugu yangu." Nilidhani nitapigiwa makofi. Mwalimu akaniuliza kwa upole, "Pole sana kwa dadako. Lakini hao ni watoto wangapi?"

"Wawili, mwalimu."

"Na tofauti yao ilikuwa kifua tu?"

Nikafikiri. Mmoja alikuwa msichana na mwingine mvulana. Uzani wao haukuwa sawa. Hospitali zilikuwa mbili, na kati yao ilipita miaka mingi. Mara ya pili mama alikuwa amehudhuria kliniki mapema. Nikanyamaza.

"Basi hilo ni tukio," akasema, "bado si ushahidi. Keti, nikueleze ushahidi ulikotoka." Hayo aliyonieleza ndiyo ninayokuletea wewe.

Tiba hii huitwa utunzaji wa kangaruu, kwa mfano wa yule mnyama wa Australia anayembeba mwanawe katika mfuko wa tumboni. Ilianza mwaka wa 1978 mjini Bogotá, nchini Kolombia. Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi waliozaliwa kabla ya wakati na inkubeta chache. Wakarundikana, wakaambukizana magonjwa. Ndipo akawakabidhi watoto kwa vifua vya mama zao. Njia hiyo ikaenea, na tafiti nyingi zikaonyesha kwamba inafaa.

Hata hivyo, kulibaki swali moja zito. Kwa miaka mingi ushauri wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa kwamba mtoto atulie kwanza, apumue vizuri, ndipo awekwe kifuani. Kutulia huko kwaweza kuchukua siku kadhaa, na wengi wa watoto wadogo hivi wanaokufa hufa katika siku hizo hizo za mwanzo! Je, wakiwekwa kifuani mara tu wanapozaliwa, watapona zaidi au tutawahatarisha? Kila daktari alikuwa na maoni yake, na maoni hayakuweza kulimaliza swali hilo.

Basi kati ya mwaka wa 2017 na 2020 jaribio likafanywa katika hospitali tano, katika nchi za Ghana, India, Malawi, Naijeria na jirani zetu Tanzania. Waliingizwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzani wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Aliyeamua nani aende wapi hakuwa daktari wala mzazi. Iliamua bahati nasibu. Hii ndiyo siri ya jaribio, msomaji wangu. Kama daktari angechagua, pengine angewapeleka kifuani wale wenye nguvu tu, kisha tukakisifu kifua kwa kazi isiyo yake. Bahati nasibu huwachanganya wazito na wepesi, wa kike na wa kiume, hata makundi mawili yakafanana kwa kila kitu isipokuwa ile tiba inayopimwa.

Kundi la kwanza liliwekwa kifuani mapema, katika wodi ambamo mama na mtoto hawatenganishwi. Hao walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku. Kundi la pili lilipata matunzo ya kawaida mpaka watoto watulie, na katika siku zile za mwanzo walikaa kifuani kama saa moja na nusu tu.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2021. Katika siku 28 za kwanza, kwa kila watoto 100 wa kundi la pili walikufa karibu 16. Kwa kila 100 wa kundi la kwanza walikufa 12. Hebu fikiria: watoto wanne katika kila mia! Joto la mwili lilishikilia vizuri zaidi na maambukizi yakapungua. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake: kifuani mara moja. Mwaka uliofuata ndugu yangu akazaliwa.

Jirani yangu wa dawati aling'aka: "Ngoja kwanza! Wale wa kundi la pili si walidhulumiwa?" Swali hilo lilinichoma, kwa maana nilimwona dadangu katika kundi hilo. Mwalimu akajibu kwamba mambo matatu yatazamwe. Kwanza, wakati ule hapakuwa na aliyejua kundi lipi litafaidika, na watoto wa kundi la pili hawakuachwa hivi hivi. Walipewa matunzo yaliyokuwa yakipendekezwa wakati huo. Pili, hakuna aliyeingizwa bila ridhaa. Tatu, palikuwa na kamati ya kando iliyokuwa ikichungulia hesabu. Ilipoona tofauti imekuwa dhahiri, ilishauri jaribio lisimamishwe kabla ya kufika mwisho, ili watoto wasiendelee kukosa faida ile.

Aidha, jaribio si la kusifu tu. Nchini Uganda lilifanywa jingine katika hospitali tano, kwa watoto waliokuwa wagonjwa zaidi, ambao hali yao haijatulia. Matokeo yalipotoka mwaka wa 2024, vifo vya siku saba za kwanza havikuonyesha tofauti kati ya makundi. Mtu mpenda sifa angeyaficha. Wao waliyachapisha vilevile, na sasa tunajua zaidi kuliko jana.

Kupima tiba ya namna hii ni kugumu kuliko kupima kidonge. Kidonge unaweza kukitengenezea pacha wa unga mtupu, mgonjwa asijue amemeza kipi. Lakini nani atafungiwa leso asijue? Pia kidonge kina kipimo kimoja kila mahali, ilhali kazi ya mikono hutegemea mikono. Ni lazima wauguzi wote wafundishwe kufunga namna moja, kisha waandike saa kwa saa. Na zaidi ya yote, kidonge kina mwenye kukiuza, naye atatoa fedha kipimwe. Kifua cha mama nani anakiuza? Vivyo hivyo kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda, mazoezi ya viungo kwa aliyepooza, na kumfunza kutamka tena aliyepoteza usemi. Hakuna kiwanda kitakachogharamia. Tusipogharamia sisi kwa fedha za umma na misaada, tutaendelea kufanya kwa mazoea, na mazoea yana makaburi yake.

Ndugu msomaji, msaada wetu ni upi? Wewe unayetaka kuwa muuguzi, usiichukie Hisabati, kwa maana utahitaji kuhesabu. Serikali na hospitali ziwape wauguzi muda na mafunzo ya kutafiti, wasiachiwe madaktari peke yao. Nasi nyumbani, akija mtafiti na karatasi ya ridhaa, tusimkimbie wala tusitie sahihi kama kondoo. Tumuulize: mnapima nini, kuna hatari gani, nikikataa nitatibiwa vilevile? Akijibu vyema, basi tumsaidie.

Likizo iliyopita nilimweleza nyanya hesabu hizi zote. Alisikiliza kimya, kisha akauliza, "Na wale mama waliokubali watoto wao wahesabiwe, walijua watatusaidia sisi huku?" Nikamwambia hawakutujua. Akatikisa kichwa, akasema, "Mungu awabariki. Na yule wetu wa kwanza, pengine hakukosea mtu. Ni kwamba walikuwa hawajahesabu."

Kalamu naiweka chini.