Pembejeo za nano: hesabu ianzie kwa nyungunyungu

Wafanyabiashara wa pembejeo na wenye mitaji midogo wanaofikiria kuingia katika soko la mbolea na viuatilifu vya nano wanashauriwa kutazama zaidi ya bei ya chupa. Bidhaa inayodhoofisha udongo wa mteja hudhoofisha pia soko lake.

Bidhaa hizo zina chembe ndogo mno, kwa kawaida za nanomita 1 hadi 100. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Baadhi hutengenezwa kwa shaba au zinki. Mvuto wake kibiashara ni ahadi ya kupata matokeo yale yale kwa dawa kidogo.

Tatizo ni kwamba metali haiozi. Inayobaki udongoni msimu huu huongezewa nyingine msimu ujao. Oksidi ya zinki, kwa mfano, huyeyuka zaidi kwenye udongo wenye tindikali, na zinki hiyo humwingia nyungunyungu kupitia ngozi na chakula. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa kiwango kisichomuua kinaweza kupunguza uzazi wake. Kiumbe huyo ndiye anayetoboa udongo na kupitisha maji na hewa. Akipungua, gharama humwangukia mkulima.

Si kila bidhaa ya nano ina madhara kuliko ya kawaida. Ndiyo maana cheti kisomwe kwa makini. Jaribio la vifo vya nyungunyungu katika mwongozo namba 207 wa OECD huchukua siku 14. Lile la uzazi, namba 222, huchukua siku 56. Shehena yenye jaribio la kwanza pekee haijajibu swali la pili. Mnunuzi aulize pia kama iliyopimwa ni bidhaa yenyewe, na katika udongo wa aina gani.

Funzo lipo kwenye mizabibu ya Ulaya, inayopuliziwa dawa ya mrututu na chokaa tangu miaka ya 1880. Haikuwa nano, lakini shaba ilirundikana udongoni. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliamua matumizi yasizidi kilo 28 za shaba kwa hektari katika miaka 7. Udongo ukilemewa, sheria hufuata, na hasara humkuta mwenye mzigo ghalani.