Kumbukumbu Isiyo na Tarehe

Mlango unajibamiza kwa upepo, na mtu aliyenusurika vita miaka mingi iliyopita anajikuta amejitupa sakafuni, moyo ukimwenda mbio. Akiulizwa yuko wapi, anajibu sawasawa. Mwili wake, hata hivyo, umesharudi kulekule.

Watafiti wa ubongo huanza na sehemu mbili. Amigdala hunasa hofu pamoja na mlio na harufu ya tukio. Hipokampasi hulipatia tukio mahali na wakati wake. Hofu inapopita kiasi, ya kwanza huchapa kazi na ya pili huvurugika. Kinachobaki ni maumivu yasiyo na tarehe, kwa hiyo kila yanapoamshwa huja kama jambo la leo. Ndiyo maana nasema kumwambia mtu wa namna hii "sahau, songa mbele" ni kumwonea. Anajitahidi kusahau kila siku: anakwepa njia fulani, anakwepa soko, anakwepa watu, hadi maisha yanabaki chumba kimoja.

Ili kutibu maumivu hayo, Frank Neuner, Maggie Schauer na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walichukua njia ya kusimulia. Kamba hutandazwa chini kuwakilisha maisha tangu kuzaliwa. Maua huwekwa penye mema, mawe penye mabaya. Kisha mtu husimulia yote kwa mfuatano. Kwenye jiwe mshauri hana haraka. Ilikuwa mwaka gani? Ulisimama wapi? Moyo ulikuwaje? Na sasa hivi, ukiwa hapa nami, ukoje? Maswali hayo ya kwenda na kurudi ndiyo tiba yenyewe, kwa sababu yanailazimisha hofu ikae pamoja na mahali pake na mwaka wake.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, njia hii ilijaribiwa kwa Wanyarwanda na Wasomali; matokeo yalitoka mwaka 2008. Washiriki walikuwa 277, na tiba ilikuwa ya vikao sita. Baadaye asilimia 70 ya waliosimulia hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Kwa waliofuatiliwa tu bila tiba, asilimia 37. Ushauri nasaha wa kawaida nao ulifika asilimia 65, kwa hiyo kamba na mawe si muujiza. Kinachonigusa zaidi ni washauri. Hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida, wakimbizi wenzao, waliofunzwa kwa muda mfupi kuuliza na kusikiliza bila kukimbia.