Je, Wajua? Tangazo la Kushindwa Lilikuwa Tayari Mfukoni

Kabla askari wake hawajatia mguu Normandy, pwani ya Ufaransa iliyoshikwa na Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, Jenerali Dwight Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi ya Washirika, alikwishaandika tangazo la kushindwa.

Ni karatasi ndogo, mwandiko wa penseli. Inasema kutua ufukweni kumeshindikana, na kama kuna lawama, ni yake peke yake. Mwanzo aliandika kwamba majeshi yameondolewa. Akayakata maneno hayo. Akaandika kwamba yeye ndiye aliyeyaondoa. Tarehe aliikosea: Julai 5, ilhali mwezi ulikuwa Juni, mwaka 1944. (Wiki ile usingizi ulikuwa adimu.) Karatasi ilikaa kwenye pochi yake zaidi ya mwezi, hadi msaidizi wake alipoiomba aihifadhi.

Shambulio lilipangwa Juni 5. Mtabiri wa hali ya hewa, Mskoti James Stagg, akaonya kuwa bahari itachafuka. Likasogezwa siku moja tu. Lau lingeahirishwa zaidi, maji kupwa ya kufaa yangerudi karibu Juni 19. Siku hiyohiyo ilianza dhoruba ya siku tatu. Ilivunjavunja bandari ya bandia ambayo Wamarekani walikuwa wameijenga kwenye pwani ile!

Na Rommel, jemadari wa Kijerumani aliyekabidhiwa pwani ile? Siku ya shambulio hakuwapo. Alikuwa nyumbani Ujerumani, na viatu vya zawadi. Juni 6 ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mkewe.

Hitler naye alikuwa amelala. Hakuna aliyethubutu kumwamsha.