Anayetafuta Kazi Asitozwe

Huenda nyumbani mwako yumo kijana aliyemaliza masomo, ajuaye kompyuta, na sasa ataka kufungua tovuti ya kutangaza nafasi za kazi. Ni shauri jema. Lakini muulize kwanza: matangazo atayapata wapi, na nani atamlipa?

Tovuti ya namna hii ni kama soko jipya. Muuzaji haendi pasipo na wanunuzi, wala mnunuzi harudi kwenye meza tupu. Hapo ndipo wengi hukwama.

Katika mji wa San Francisco, Marekani, bwana mmoja jina lake Craig Newmark alianza mwaka 1995 kuwapelekea rafiki zake barua pepe za kuwaarifu mambo yatakayofanyika mjini. Hakuwa na nia ya biashara. Rafiki wakawaambia rafiki, na punde watu wakaanza kumletea habari za kazi na za nyumba za kupanga. Angalia hapo: wasomaji walikuwapo kabla ya matangazo, tena wa mji mmoja tu. Ndivyo ilivyozaliwa tovuti ya Craigslist. Fedha zilipohitajiwa, walitozwa wenye kutoa kazi. Mwaka 2004 tangazo moja la kazi katika San Francisco lilikuwa dola 75, na katika New York dola 25. Mtafuta kazi hakulipa hata senti.

Indeed, iliyoanza mwaka huo wa 2004, ilishika njia nyingine. Waanzilishi wake, Paul Forster na Rony Kahan, hawakungoja kuletewa. Walikusanya matangazo yaliyokwisha kutolewa katika tovuti nyingine, na meza ikajaa. Mwajiri aliyetaka tangazo lake lionekane zaidi alilipa kila mara mtu alipolifungua. Mwaka 2012 kampuni ya Recruit ya Japani ikainunua.

Kijana wetu hana mtaji wa namna hiyo, lakini ana miguu. Na achague wilaya moja, au kazi za aina moja, tuseme waalimu au mafundi umeme, kisha apite kwa wenye shule na karakana akiomba ruhusa ya kutangaza nafasi zao bure. Wakishapata watu wazuri mara mbili tatu, ndipo aseme bei, na hawatashangaa.

Watatokea washauri wa kumwambia awatoze vijana wenzake ada ya fomu, kwa kuwa ni wengi na wana haraka. Akatae katakata. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, wasema kwa jumla kwamba mawakala wa ajira wasiwatoze wafanyakazi. Tena kuna walaghai wanaotangaza kazi za uongo, wakidai fedha za usaili au za kupimwa afya zitumwe kwa simu; mzazi huuza mbuzi, na kazi haipo. Tovuti isiyomtoza mtafuta kazi yaweza kuandika juu kabisa, “Ukiombwa fedha kwa ajili ya kazi yo yote iliyotangazwa humu, tuarifu.” Tovuti inayomtoza yaweza kuandikaje hivyo?

Kabla ya kutoa tangazo lo lote, ampigie mwajiri kwa namba aliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyokuja na tangazo. Na siku ya mwisho ya kupokea maombi ikipita, aliondoe siku hiyo hiyo, mtu asije akapoteza nauli bure.